Kabla Hujamleta Mtoto kwa Daktari wa Meno

Wazazi wengi wanaotupigia simu huanza kwa kuuliza bei ya kung'oa, halafu sauti inashuka: "Lakini daktari, huyu wangu ni mwoga, sijui kama atakubali." Mara nyingi anakubali. Asiyekubali, woga wake huwa umeanza zamani, kabla hajakiona kiti chetu.

"Ukiendelea na utundu nitakupeleka kwa daktari akuchome sindano." Nani hajaisikia hiyo? Mtoto wa miaka minne hajui kwamba mama anatania. Siku jino linapomuuma kweli, kwake yeye ile adhabu aliyoahidiwa ndiyo imefika. Kwa hiyo ombi letu la kwanza ni hilo: msitufanye fimbo. La pili, msimwahidi kwamba "haiumi hata kidogo." Pengine hakuwa amewaza maumivu kabisa, na akihisi chochote, mzazi na daktari wote tumekuwa waongo. Mwambie tu kwamba daktari atayaangalia meno yake na kuyahesabu. Habari za ganzi tuachieni sisi.

Akiingia, tunasalimiana kwanza bila barakoa. Aamkie shikamoo yake, aitikiwe, auone uso wa mtu. Kisha tunafuata utaratibu unaojulikana kwa madaktari wa meno ya watoto tangu 1959: mweleze, mwonyeshe, ndipo ufanye. Brashi ya kusafishia inazungushwa kwanza juu ya ukucha wake, anasikia inavyomtekenya, anacheka au ananuna, ndipo inaingia mdomoni. Kioo kidogo anakishika mwenyewe. Tunakubaliana pia kwamba akiinua mkono wa kushoto, kazi inasimama. Wengi huuinua mapema sana, kutupima tu. Tunasimama kweli, na baada ya hapo wanatulia.

Sindano ikihitajika, fizi hupakwa kwanza dawa ya kuitia ganzi kwa juu, tunasubiri kidogo, kisha dawa yenyewe inasukumwa polepole. Haraka ndiyo huleta sehemu kubwa ya maumivu. Mtoto akiuliza kama ni sindano, hatumdanganyi. Tunamwambia atahisi kubanwa, halafu jino litalala.

Lakini si kila jino lililotoboka linataka mashine. Hapahapa Tanzania, katikati ya miaka ya 1980, ndipo ilipoanza njia ya kuziba meno kwa vifaa vya mkono peke yake. Uozo laini unakwanguliwa, tundu linajazwa saruji maalumu inayoshikamana na jino na kutoa floraidi, na mara nyingi hata ganzi haihitajiki. Ilibuniwa kwa ajili ya maeneo yasiyo na umeme, leo inatumika nchi nyingi, na mtoto anayeogopa mlio wa mashine hunufaika nayo sana. Ipo pia dawa yenye madini ya fedha na floraidi, inayopakwa ili uozo usiendelee. Hiyo huacha doa jeusi la kudumu pale palipooza, kwa hiyo tunakueleza mapema uamue, hasa kama ni meno ya mbele.

Njia hizi nyepesi zinategemea kuwahi. Jino likishaweka usaha, ganzi hukamata kwa shida, na mtoto aliyekesha akilia hana subira ya kuonyeshwa brashi. Wanaosema "ni meno ya utoto, yatang'oka tu" wakumbuke kwamba magego ya utoto hukaa hadi miaka 10 au 12. Mlete akiwa haumwi, hata akiwa na mwaka mmoja. Ziara ya kwanza iwe ya kuhesabu meno na kupanda kiti, basi.

Kuhusu kumkamata mtoto kwa nguvu ili tuzibe jino, hatufanyi, hata mzazi akituomba. Kazi inayoweza kusubiri inasubiri siku nyingine. Uso ukivimba na homa ikipanda hapo hapana kusubiri, na asiyeweza kutibiwa akiwa macho tunampa rufaa kwenda hospitali yenye daktari wa usingizi.

Njoo asubuhi, mtoto akiwa amelala vizuri. Aingie naye mzazi mmoja, amshike mkono, na maelekezo amwachie daktari. Sauti tatu kwa pamoja zinamchanganya.

Mkirudi nyumbani baada ya ganzi, mdomo hubaki umekufa ganzi kwa muda wa saa mbili hadi tatu. Asitafune chochote mpaka iishe, na mwangalie asijing'ate, maana watoto hupenda kuutafuna huo mdomo wasiouhisi. Kesho yake ukiona umevimba na una kidonda cheupe kwa ndani, mara nyingi ni alama ya meno yake mwenyewe. Usikitumbue wala usimnunulie antibayotiki dukani. Tupigie simu, au umlete tukiangalie.