Kabla hujapanda meli ya Nansio

Mwanangu Kabula,

Mama yako amenieleza njia yako yote ya baiskeli: meli hadi Nansio, vumbi la kisiwa cha Ukerewe, kivuko cha Rugezi kwenda Kisorya, halafu Bunda, Lamadi, Magu, mpaka nyumbani. Wiki nzima nilitaka kukukataza. Nimeshindwa, maana njia hiyo niliipita mwenyewe na baiskeli yangu ya Phoenix, magunia ya dagaa kwenye keria, kabla hujazaliwa.

Basi tuanze na tairi. Ukishuka Nansio, punguza upepo. Tairi lililojaa likawa gumu hurukaruka juu ya kila kokoto. Lenye upepo wa wastani hulalia changarawe na kushika. Libonyeze kwa dole gumba, liingie kidogo. Mimi nilijaza sana kwa ajili ya mzigo, na kwenye mteremko mmoja upande wa Bukindo nikakamata breki ya mbele katikati ya kona. Gurudumu likateleza, nikainuka bega limeteguka. Hadi leo kukiwa na baridi linauma. Breki, mwanangu, hukamatwa kabla ya kona, njia ikiwa bado imenyooka, na ya nyuma itangulie. Ukifika kwenye lami, simama uongeze upepo.

Usioge ziwani hata jua likuunguze vipi. Kichocho kipo.

Kivuko kikijaa, ngoja kingine. Tarehe 20 Septemba 2018 MV Nyerere ilipinduka ikikaribia Ukara, wakafa watu zaidi ya 200. Sisi wa ziwa hili hatujasahau. Hata ukilala Rugezi, lala.

Bunda uondoke alfajiri. Jua likishapanda, upepo hutoka ziwani kuja nchi kavu, na mchana utakuchosha kuliko mlima wowote. Tena barabara ile ina mabasi yaendayo kasi, na kwenye geti la Ndabaka uko mpakani kabisa na Serengeti. Usipite pale gizani. Jua huzama karibu saa moja, mwezi wowote, hivyo saa kumi na moja jioni uwe umepata pa kulala.

Ukishapita Lamadi, wazee watakuamkia kwa Kisukuma, "Mwangaluka". Shuka kwenye baiskeli ndipo uitikie.

Pampu yangu ichukue, na viraka, na solusheni mpya niliyonunua jana. Siku ya nne nitakuwa Kisesa, kando ya lami, tangu saa nne asubuhi. Ukichelewa nitaendelea kukaa.

Baba yako