Kwa Elia, kuhusu Bosi na kiatu cha kanisani

Ndugu yangu Elia,

Barua yako nimeipokea, na nimefurahi kusikia kwamba shemeji na watoto ni wazima. Habari ya mbwa wako Bosi ndiyo iliyonifanya nishike kalamu usiku huu huu. Unasema ulirudi kutoka kazini saa kumi na moja jioni, ukakuta ametafuna kiatu chako cha kanisani, ukamwita, akaja, ukamchapa; na kwamba alijua kabisa kosa lake, kwa sababu hata kabla hujainua fimbo alikuwa amelaza masikio na kufyata mkia. Hapo, kwa heshima zote, siwezi kukubaliana nawe.

Sura hiyo ya majuto iliwahi kuchunguzwa na mtafiti mmoja wa Marekani, Alexandra Horowitz, katika jaribio lililochapishwa mwaka 2009. Wenye mbwa waliwakataza mbwa wao kula kitafunwa, wakatoka chumbani, na waliporudi baadhi yao wakaambiwa uongo juu ya kilichotokea. Ikaonekana kwamba mbwa walijikunyata pale walipokaripiwa, wawe wamekula au hawakula, na waliokaripiwa bure ndio waliojikunyata zaidi. Bosi aliusoma uso wako, Elia, na hatua zako nzito. Kiatu alikuwa amekwisha kukisahau.

Hebu tazama siku ile kwa upande wake. Asubuhi, akiwa peke yake, alipata kipande cha ngozi chenye harufu yako, akakitafuna kwa raha, na hakuna baya lililompata. Jioni alisikia neno “njoo”, akatii, na fimbo ikamshukia. Mbwa huunganisha mambo yanayofuatana papo hapo, kwa hiyo kilichotangulia kipigo, kwa hesabu zake, ni kukujia wewe. Ndiyo maana sasa ukimwita anazunguka nyuma ya banda la kuku, nawe unamwita mkaidi.

Hapa Morogoro tuna walimu wazuri wa jambo hili. Katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, shirika la APOPO hufundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini na makohozi yenye kifua kikuu. Panya akipatia, husikia mlio mfupi wa “tak”, kisha hupewa chakula, kwa mfano ndizi. Mlio huo humwonyesha ni tendo gani hasa lililomletea ndizi, kwa maana hata mkono wa mwalimu ukichelewa kidogo, mnyama atakuwa ameshaanza kufanya jambo jingine.

Nami niliiga kwa mbwa wangu Popi, kwa dagaa wakavu badala ya ndizi, nikajiona fundi. Kwa wiki mbili nilimwambia “kaa” uani karibu na jiko, naye akakaa kila mara. Siku moja nilikuwa nimebeba ndoo mbili za maji, nikamwambia “kaa”, akanitazama tu kama mgeni. Nilikasirika, kisha nikapata shaka. Nikaweka ndoo chini, nikatia mkono mfuko wa shati na kusema “embe”. Akakaa! Kumbe muda wote alikuwa akiutii mkono unaokwenda kwenye dagaa, na neno lenyewe lilikuwa kelele tu. Ikanibidi nianze upya, mikono ikiwa nyuma, kwanza uani, kisha barazani, na mwisho getini, ambako pikipiki na mbuzi wa jirani walimfanya awe kama hajawahi kufundishwa kitu.

Kwa Bosi, neno “njoo” liache kwa sasa, maana limekwisha kuharibika. Chagua jingine, labda “hapa”, ulitamke akiwa hatua tatu tu kutoka kwako, na dagaa amfikie mdomoni mara anapofika. Ukitaka kumfunga mnyororo au kumwogesha, mfuate mwenyewe. Kwa mambo hayo usimwite kwa neno hilo jipya hata mara moja. Viatu viweke juu ya kabati.

Nitakuwa Moshi wiki ya Krismasi, Mungu akipenda. Nitasimama getini bila kusema neno, wewe umwite, tuone atatokea upande gani wa banda.

Wako,
Anselmi