Barua kwa Wazazi na Walezi: Kufunga Muhula wa Kwanza

Ndugu wazazi na walezi,

Asalaam aleikum, Bwana Yesu asifiwe, na poleni na majukumu.

Leo tunafunga muhula wa kwanza. Ripoti za Darasa la Kwanza hadi la Saba watoto wamekabidhiwa mkononi, na tarehe ya kufungua imeandikwa juu yake. Matundu mapya ya choo cha wasichana yamekamilika. Sare zilizochakaa zishonwe wakati wa likizo.

Barua hii nataka niitumie kuzungumzia darasa la awali, maana ndilo lililonifurahisha kuliko mengine yote muhula huu, na ndiko nilikoudhika.

Mliokuwepo Ijumaa iliyopita mliiona daladala yao. Viti viwili viwili hadi nyuma, mfuniko wa ndoo ndio usukani, na dereva akivuma kwa mdomo mpaka mate yanamtoka. Konda alikuwa binti ambaye tangu Januari hatujamsikia akipaza sauti. Akiitwa jina kwenye mahudhurio alikuwa akitikisa kichwa tu. Siku hiyo amejifunga sweta kiunoni, vizibo vya soda vimejaa kiganjani, ananing'inia pale mlangoni: "Msamvu, Msamvu! Mama sogea, nyuma kuna nafasi! Nauli mkononi!" Nauli walipanga wenyewe, vizibo vitatu kwa mtu mzima na kimoja kwa mwanafunzi. Bibi mmoja aliyepanda na wajukuu wawili akatoa vizibo kumi. Konda akavimwaga sakafuni, akavitenga kimya kimya, akamrudishia vitano. Bibi kwa kumjaribu akasema chenji haijatimia. Mtoto akamwangalia usoni akamwambia, "Bibi, hesabu tena." Mama yake alijifuta machozi kwa ncha ya kanga, na mimi mwenyewe sikuweza kusema kitu.

Hakuna aliyemfundisha kutoa ubaoni. Wapo mnaoniuliza kila nikikutana nanyi sokoni, "Mwalimu, mbona hawa wanacheza tu, wataandika lini?" Naomba mnisikilize.

Mtoto anayebeba bunzi la mahindi mgongoni anajua kabisa kwamba ni bunzi. Mbuzi akilila jioni, halii msiba. Ila amekubaliana na wenzake kwamba kwa sasa hilo ni mtoto, na wote wanaliheshimu kama mtoto. Kukubali kwamba kitu hiki kisimame badala ya kile ndiko kusoma kunakoanzia. Alama ya m haifanani na mama hata kidogo, na tarakimu 5 haifanani na maembe matano. Aliyezoea kuona mtoto ndani ya bunzi hatashangaa kuambiwa kwamba mkwaruzo wa chaki ni sauti. Mwanasaikolojia wa Urusi, Lev Vygotsky, alilieleza jambo hili mwaka 1933 kwa mfano wa fimbo ambayo mtoto anaipanda kama farasi. Bibi zetu hawakumsoma Vygotsky, lakini walitupa vifuu na makopo wakatuacha tujipikilishe chini ya mwembe.

Wasikilizeni wanapoanza. "Tufanye eti mimi mama, wewe eti unaumwa." Hapo kabla hata ya kucheza kuna mjadala: nani awe nani, nini kifuate nini, na anayekataa abembelezwe vipi. Tunaye mvulana asiyeweza kukaa kwenye mkeka dakika tano wakati wa hadithi. Akiwa mgonjwa kwenye kona ya hospitali analala kimya mpaka daktari amalize kumpima, maana mgonjwa hatembeitembei. Mimi kwa kumkaripia nisingempata hivyo. Mtaala wa elimu ya awali wenyewe unatutaka tufundishe kwa michezo, na kona zile za nyumbani, duka na hospitali ni darasa. Hatuziweki kwa kukosa kazi.

Sasa nije kwenye lililoniudhi.

Mwezi wa nne mzazi mmoja wa kiume aliingia darasani bila kupita ofisini. Akamkuta mwanawe wa kiume amejifunga kanga, ana bunzi mgongoni, anakoroga uji wa mchanga. Akaivuta kanga mpaka ikachanika, akamzaba mtoto makofi mbele ya wenzake, bunzi akalikanyaga, na akamwambia mwalimu kwamba hakumleta mtoto shule afundishwe uanamke. Mtoto hakuja siku tisa. Aliporudi alikaa dirishani, na mpaka leo tunafunga hajagusa kona yoyote. Wenzake wakimwita, anaangalia mlango kwanza.

Mzazi huyo nimeshakaa naye mbele ya mwenyekiti wa kamati ya shule, na simtaji. Wanaonifanya niandike ni ninyi mlioniambia pembeni kwamba alifanya sawa. Hakufanya sawa. Juzi yake mtoto huyo huyo alikuwa fundi pikipiki, amelala chini ya kiti na kijiti mdomoni. Wiki iliyotangulia alikuwa shehe anayefungisha ndoa. Siku ile alikuwa anabembeleza, na alibembeleza asubuhi nzima bila kuchoka. Hivi kweli mnataka kijana asiyejua kumbembeleza mtoto? Baba gani huyo mtakuwa mmetuandalia?

Na niwaambie jambo jingine, kwa upendo. Kwenye kona ya nyumbani mwalimu anasikia sauti za nyumba zenu. Yupo anayesema, "Pole mume wangu, kaa upumzike." Yupo anayempigia kelele bunzi kwa maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. Hawakuyaokota shuleni.

Kuanzia muhula wa pili hakuna mzazi atakayeingia darasani bila kupita ofisini. Atakayempiga mtoto ndani ya eneo la shule, hata akiwa wake wa kumzaa, nitampeleka kwa afisa ustawi wa jamii siku hiyo hiyo.

Utoro. Kila siku ya mnada darasa la awali linabaki nusu, na nikifuatilia naambiwa mtoto amebaki kumlea mdogo wake. Mtoto wa miaka mitano aliyeachiwa kichanga toka asubuhi hadi jioni hachezi mama, amefanywa mama. Mwenye shida ya mlezi aje tuzungumze, tutafute jirani. Kunyamaza ndiko kunakomuumiza mtoto.

Mchango wa uji ni shilingi 5,000 kwa mwezi, kiwango mlichokipanga wenyewe kwenye kikao cha Januari, na asiyeweza alipewa nafasi ya kuleta unga. Kati ya watoto 64, waliolipiwa mpaka Mei ni 37. Mpishi hamnyimi mtoto, kwa hiyo anachofanya ni kupunguza kikombe cha kila mmoja, na watoto wa waliolipa wanakunywa nusu. Nimeona mtoto akimaliza kikombe chake kisha anakwenda kona ya nyumbani kujipikia kingine cha mchanga. Mimi nimeshindwa kulizoea hilo. Madeni yote yaishe kabla ya kufungua.

Katika likizo, tarehe 11 Juni ni Siku ya Kimataifa ya Mchezo, ambayo Umoja wa Mataifa ulianza kuiadhimisha mwaka 2024. Siku hiyo mtoto akikuletea kikombe kitupu akakwambia ni chai, pokea, pulizia, unywe, umwambie sukari imezidi.

Tukifungua, kila mtoto wa awali aje na bunzi moja, vizibo kumi, na boksi au kopo lisilo na makali. Ile kanga iliyochanika mwalimu ameishona, na imetundikwa msumarini kwenye kona ya nyumbani, kwa atakayeihitaji.

Wenu katika malezi,

Mwalimu Mkuu