Mama Salma, kuhusu ile bima

Worcester, Massachusetts
Jumapili usiku

Shoga yangu Mama Salma,

Salamu nyingi. Sauti uliyonitumia nimeisikiliza nikitoka zamu, nimekaa garini nangoja barafu iyeyuke kwenye kioo. Unauliza: hospitali ya Dallas wamekwambia wana bima ya kuwalinda manesi wote wakishtakiwa kwa makosa ya kazi, sasa huyo mwenzio wa wodini anakuhimiza ukate yako ya nini? Kwa sauti nimeshindwa kukujibu. Lina miaka mitatu jambo hili, na hata wewe nilikuficha.

Nilikuwa nyumba moja ya wazee, zamu ya usiku, mimi na wasaidizi wawili, wazee 38. Bibi mmoja akaanguka akienda msalani. Nikampima: presha nzuri, anaongea, ila nyonga inamuuma. Saa nane na dakika kumi nikampigia daktari, akasema tungoje kuche. Kufika saa tisa bibi analia kila nikimgusa mguu. Nikapiga tena, hapokei. Nikamwamsha msimamizi wangu kwa simu, ndipo ambulensi ikaitwa. Nyonga ilikuwa imevunjika.

Bibi alipona, lakini jamaa zake walikasirika, malalamiko yakaenda bodi ya uuguzi ya jimbo, hao wanaotoa leseni zetu na kuzinyang'anya. Bahasha ikaja nyumbani kwangu ina jina langu na nambari ya leseni yangu. Daktari hakutajwa. Nyumba ya wazee haikutajwa.

Nikaipeleka kwa wakili wa kazini, bwana mpole, ana bakuli la peremende mezani. Akaisoma, akanirudishia. "Mimi ni wakili wa kampuni. Tafuta wako." Hapo ndipo nilipoielewa bima yao, kwamba ni yao. Wewe unafunikwa maadamu maslahi yenu yanakwenda njia moja, na mambo ya leseni na bodi kwa kawaida hayamo kabisa. Wakili nilimlipa kwa pesa za mabati. Naam, ndiyo sababu nyumba ya Kisauni ilikaa mwaka mzima bila paa, nikakwambia fundi ametoroka. Fundi wa watu hana kosa.

Huyo wakili wangu ndiye aliyenisimulia kesi ya Illinois. Kijana wa miaka 18 alivunjika mguu uwanjani Novemba 1960, akafungwa plasta. Vidole vikavimba, vikageuka vyeusi, mwisho mguu ukakatwa chini ya goti. Mwaka 1965 Mahakama ya Juu ya jimbo lile ikasema baraza la wazee wa mahakama lingeweza kabisa kuona kwamba manesi walipaswa kuvikagua vile vidole mara kwa mara, na daktari asipofanya kitu, wapeleke habari kwa uongozi. Kwa hiyo "nilimwambia daktari" peke yake haitoshi, shoga. Kilichoniokoa mimi ni zile saa nilizoandika kwenye faili usiku ule ule: simu ya kwanza, ya pili, ya msimamizi. Bodi ilifunga jalada bila adhabu, baada ya miezi saba ya kushtuka kila nikisikia posta.

Sasa nina yangu, dola 130 hivi kwa mwaka. Watakutangazia kwamba watakulipia hadi dola milioni 1 kwa dai moja na milioni 6 kwa mwaka. Usiduwae na hizo. Tafuta mstari wa kutetea leseni. Kwangu ni hadi dola 25,000. Kisha uliza ni bima ya namna gani. Iko inayokulinda kwa lolote lililotokea wakati unalipia, hata dai likija umeshastaafu unakunywa kahawa Kisauni. Nyingine sharti iwe hai siku dai linapoletwa. Ukiiacha unauziwa nyongeza, wenyewe huiita mkia, na mkia huo ni ghali. Chukua ya kwanza. Uliza pia kama wanaweza kumaliza dai bila ridhaa yako, maana fidia ikilipwa kwa niaba yako, jina linaingia kwenye hifadhi ya taifa ya taarifa za watoa huduma za afya, iliyopo tangu 1990, na waajiri wa hospitali wanaweza kuitazama.

Wapo watakaokwambia kuwa na bima ni kujiitia mashtaka. Mimi huwauliza kama mwavuli nao huita mvua.

Na hao watu wetu wa Dallas, wakishajua wewe nesi, kila harusi utavutwa jikoni upime presha ya mkwe wa mtu. Bima ya kazini haifiki jikoni kwa watu. Hata hiyo yako uliza kwanza inafika wapi, na dozi ya mtu usiiongeze wala usiipunguze.

Karatasi za kazi usizitie sahihi kesho. Nipigie picha kurasa zinazotaja bima. Jumanne sina zamu, nitazisoma zote. Mwambie Salma viatu vyake nimepata, ila ni vya bluu. Vyekundu vimekwisha.

Wako,
Mama Idi