Pampu ya uani isiwashwe bila RCD, kifaa cha kukata umeme unaovuja

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wenye nyumba wenzangu kabla masika hayajaanza.

Huku Mbagala nyumba nyingi zenye kisima zina waya unaotoka dirishani, unapita juu ya mti au chini ya mchanga mpaka kwenye pampu. Aghalabu ni ule waya bapa mweupe, uliotengenezwa kwa matumizi ya ndani. Jua linaukausha, ganda linapasuka, mvua ikinyesha maji yanaingia. Na wanaokwenda kuchota hapo ni watoto, tena wakiwa peku kwenye tope.

Wengi tunajipa moyo kwamba plagi ina fyuzi. Fyuzi ya ampea 13 kazi yake ni kuzuia waya usiungue, si kumwokoa mtu. Moyo wa binadamu unaweza kusimama kwa umeme usiofika hata sehemu moja ya kumi ya ampea, na fyuzi hiyo isijue kama kuna kilichotokea.

Kinachomwokoa mtu ni kifaa ambacho mafundi wanakiita RCD. Kinalinganisha umeme unaokwenda na unaorudi. Ukipungua kwa miliampea 30, maana yake unavujia mahali, pengine mwilini mwa mtu, nacho kinakata papo hapo. Usikichanganye na breka ya kawaida, kwani vinafanana sana. RCD ina kitufe chenye herufi T. Kibonyeze kila baada ya miezi michache; RCD isipojikata, ibadilishwe.

Tunapopatana bei na fundi, RCD ndiyo tunayoiondoa kwanza, kwa sababu taa zinawaka hata bila hiyo. Huo ni ubahili wa hatari, na anayeulipia mara nyingi ni mpangaji asiye na ruhusa ya kugusa hata swichi.

Waya wa kwenda kisimani uwe kebo ya ardhini yenye ganda la chuma, ifukiwe angalau nusu mita, na erthi, yaani waya wa kupeleka ardhini umeme unaovuja, ifike hadi kwenye pampu. Kamba ya nguo ya waya isifungwe kwenye bati wala kwenye bomba la kuingizia umeme, kwani umeme ukivujia huko utamfikia anayeanika.

Ombi langu kwa EWURA, inayotoa leseni kwa mafundi umeme: mwagizeni kila mwenye leseni asiunganishe pampu wala taa ya nje mpaka RCD iwepo, hata mwenye nyumba akinung'unika.

Mwenye nyumba,
Mbagala, Dar es Salaam