Gharama za kesi ya aliyeshikwa zisiachiwe jamaa zake

Mhariri,

Mtu akishikwa hapa Mombasa, jamaa zake wakamtafuta vituo vya polisi vya Central, Makupa na Nyali wasimwone, swali linalofuata nyumbani ni la pesa: kesi ya hebiasi kopasi, yaani ya kuomba amri kwamba aliyeshikwa aletwe mbele ya jaji, ni shilingi ngapi? Kwa mujibu wa Katiba, kuifungua hakuna ada. Kifungu cha 22(3)(c) kinasema hivyo kuhusu kesi za kutetea haki za kimsingi, na kifungu cha 25 kinaiweka amri hii miongoni mwa haki nne zisizoweza kuwekewa mipaka.

Hata hivyo watu hulipishwa, mara nyingi kwa sababu ombi limesajiliwa mtandaoni kama maombi ya kawaida ya madai. Mfumo hukokotoa ada, na karatasi hazisongi mpaka ilipwe. Lisajiliwe kama kesi ya katiba, kifungu cha 22(3)(c) kitajwe ukurasa wa kwanza, na karani akishikilia ada, ombeni kumwona naibu msajili wa mahakama siku hiyo hiyo. Asiye na wakili asikate tamaa: kanuni za 2013 za kuendesha kesi za haki za kimsingi zinamruhusu jaji kupokea barua, hata maelezo ya mdomo.

Pesa zitakazotoka ni za kamishna wa viapo anayeapisha mwenye hati ya kiapo, nakala na nauli. Ukimshtaki mkuu wa kituo, Inspekta Jenerali, mkurugenzi wa upelelezi na Mwanasheria Mkuu, toa nakala tano: nne zao, na moja yako ya kugongwa mihuri ya kupokelewa. Bila mihuri hiyo wataomba kesi iahirishwe, na kila siku inayopita mtu wenu yuko ndani.

Hati ya kiapo iandikwe bila haraka. Iseme saa, mahali, namba ya gari, waliomchukua walivaa nini, vituo gani viliulizwa na lini. Jaji huanza kwa kuuliza kama kweli mtu yuko mikononi mwa polisi. Baada ya polisi kuvamia Msikiti Musa hapa Mombasa, Februari 2014, polisi walisema mmoja wa waliokamatwa alikuwa ametoroka. Jibu kama hilo haliwezi kupingwa kwa hati yenye mistari mitatu.

Linalotuuma zaidi ni mwisho wa kesi hizi. Kesi inafunguliwa siku ya nne, na asubuhi ya kusikizwa mtu anaachiliwa au anapelekwa kwa hakimu. Wakili anaondoa ombi, amri inaandikwa kila upande ujigharimie. Lakini saa 24 ambazo kifungu cha 49 cha Katiba kinataka aliyeshikwa awe amefikishwa mahakamani zilikwisha kitambo, na aliyezivunja hajalipa kitu! Mawakili wenzetu, msiondoe ombi kabla ya kuomba gharama. Kanuni ya 26 ya zile za 2013 inampa jaji uamuzi huo, na inamtaka azingatie kwamba kila mtu aweze kufika mahakamani. Wekeni risiti zote, hata za fotokopi, maana naibu msajili atazipitia akikadiria gharama mtakazolipwa.

Mkishinda gharama, msiende kwa dalali, kwani mali ya serikali haipigwi mnada. Chukueni cheti cha amri kutoka mahakamani, mmpelekee Mwanasheria Mkuu na afisa mhasibu wa idara husika. Wakinyamaza, rudini Mahakama Kuu kuomba amri ya kuwalazimisha kulipa.

Mawakili wa haki za binadamu,
Mombasa