Bibi Hakuwa Mpole: Barua kwa Mke Mwenzake

Mdogo wangu,

Ujumbe wako nimeusoma mara tatu. Unataka "maneno machache ya kumwelezea Bibi" uyaweke mwanzoni mwa kile kijitabu unachowaandalia watoto, na umeniwekea na mfano kabisa: mama mpole, mvumilivu, aliyeishi na watu vizuri. Nimecheka peke yangu kama mwehu. Mpole? Bibi yupi huyo?

Najua ulikoyatoa. Ndiyo yaliyosomwa siku ya mazishi. Wasifu wa marehemu una lugha yake, na siku ile hakuna aliyekuwa na nguvu ya kutafuta nyingine. Alizaliwa, akasoma, akaolewa, akajaliwa watoto, akaugua. Mimi nilisimama pale nyuma nikisikiliza, nikawa najiuliza tunamzika nani. Siwalaumu waliouandika. Ila watoto wako hawakumwona, na wakimpokea kwa maneno hayo watakuwa wamepewa bibi wa mtu mwingine.

Kwa hiyo machache sina. Nakutumia mengi, tena hadharani, ili wengine katika ukoo wanaokumbuka tofauti wapate nafasi ya kunibishia.

Tuanze na karata, maana pale ndipo alipokuwa Bibi mwenyewe. Unaikumbuka ile meza ndogo, yenye mguu mmoja mfupi uliowekewa karatasi iliyokunjwa? Akishakaa pale, kazi zote za dunia zimekwisha. Alichanganya karata taratibu kama anazibembeleza, akazigawa haraka kama anazifukuza, na muda wote huo anaongea. Sasa kule kuongea ndiko kulikokuwa wizi wenyewe. Atakuuliza habari za mtihani wako kwa sauti ya huruma, wewe ukiinua uso umjibu, tayari ameshalamba karata mbili badala ya moja.

"Bibi, umelamba mbili."

"Mimi?" Anavua miwani yake, anaifuta kwa pindo la nguo, kisha ananipa mimi. "Shika, mume wangu. Unaihitaji kuliko mimi."

Akishindwa, karata zimechoka, au taa ina mwanga mbaya, au yeye ana usingizi tangu asubuhi. Akishinda ananyanyuka, mikono juu, anaizunguka meza akicheza wimbo wa kujitungia ambao maneno yake yote yalikuwa majina yetu sisi tulioshindwa. Na kile kicheko! Kilianzia mabegani. Kwanza mabega yanatikisika bila sauti, halafu puani inatoka filimbi nyembamba, halafu ndiyo kinalipuka. Kikishalipuka umeshasahau ulikuwa unamshitaki kwa kosa gani.

Walipogawana vitu vyake mimi niliomba lile boksi la karata tu, na hakuna aliyeligombania. Usiku ule nikazihesabu. Karata kamili ni 52, yaani 13 za shupaza, 13 za kopa, 13 za uru na 13 za pau. Za Bibi zilikuwa 53. Nikadhani nimekosea, nikazipanga upya kwa aina. Kopa sawa, uru sawa, pau sawa. Shupaza 14. Ree ya shupaza, ile karata yenye A, zilikuwa mbili, na moja mgongo wake umefifia kidogo kuliko zenzake, imetoka boksi jingine. Miaka yote ile, mdogo wangu, tulikuwa tunacheza na mtu mwenye ree ya akiba! Nililia usiku ule kuliko nilivyolia makaburini, na nilikuwa nacheka pia, sijui kipi kilianza.

Neno "hekima" ukilitaka sana liweke, lakini liweke na hili. Wajomba walipogombana, ule mwaka ambao hawakusalimiana, kila mtu alitegemea Bibi ataitisha kikao. Hakuitisha. Aliwaita mmoja mmoja kwa visingizio tofauti, wakakutana mlangoni, wakakosa pa kukimbilia. Akawakalisha upande mmoja wa meza wacheze pamoja. Upande wa pili akakaa yeye na mtoto wa miaka 8. Akawapiga. Akawapiga tena. Mchezo wa kwanza kila mmoja alicheza kivyake, kimya, na kila turufu mmoja aliyoitoa mwenzake aliipoteza. Mchezo wa tatu wakaanza kunong'onezana. Wa tano wote wawili walikuwa wanampigia kelele yeye kwamba ameiba, na bila shaka alikuwa ameiba. Chanzo cha ule ugomvi hakikuzungumzwa siku ile, na kwa kadiri ninavyojua hakijazungumzwa hadi leo. Ukiniuliza mimi, hilo halikuwa zuri lote. Kuna mambo yalihitaji kusemwa. Lakini wanasalimiana.

Wala usidhani nataka kumfanya kichekesho tu. Alikuwa na ubaya wake, na mimi ninao mfano mmoja ambao hadi leo nikiukumbuka mashavu yanapata moto. Nilikuwa na miaka 14. Nilikuwa nimemwandikia msichana barua, na kwa ujinga wangu nikamsomea Bibi kwanza, anisahihishie. Alinisikiliza vizuri kabisa, akatikisa kichwa, akaniambia nimeandika kama mtu mzima. Baada ya siku mbili wakaja wageni, sebule imejaa, na Bibi akaisimulia ile barua yote kwa kichwa, mkono mmoja kifuani, macho ameyafumba, sauti yangu ameiiga ilivyokuwa ikivunjika. Watu walicheka hadi wengine wakatoka nje.

Sikumsemesha siku nne. Siku ya tano akaniita kutoka chumbani kwake: "Njoo unitungie uzi, macho yamekataa." Nikaenda, nimenuna. Nikautunga, nikampa sindano. Akaitazama, akauvuta uzi ukatoka. "Umechomoka." Nikautunga tena. Akauchomoa tena, safari hii bila hata kujificha, ananitazama usoni. Mara ya tatu mabega yake yakaanza kutikisika, na mimi nikashindwa kujizuia. Yakaisha hivyo. Hakuniomba radhi. Neno "samahani" sikumbuki kulisikia kinywani mwake likielekezwa kwa mtoto. Na hayo macho yaliyokataa tundu la sindano ndiyo yaliyokuwa yanasoma karata zangu kutoka ng'ambo ya meza.

Hayo usiyaache nje ya kijitabu. Mwanasaikolojia mmoja Mwingereza, Frederic Bartlett, alichapisha mwaka 1932 majaribio ambayo tangu nimeyasoma yananikosesha raha. Aliwapa watu hadithi ngeni kwao, ya wenyeji wa Amerika ya Kaskazini, wakaisoma. Baadaye akawataka waisimulie, na baada ya muda waisimulie tena. Kila waliporudia walidondosha yale yaliyowashangaza, wakayabadili mengine yafanane na mambo waliyoyazoea. Hawakuwa wanadanganya, waliamini wanakumbuka. Ndicho tunachomfanyia Bibi. Kila anayemsimulia anadondosha kitu kimoja kilichokuwa na ncha. Tukiendelea hivi, watoto wa watoto wako watarithi kikongwe anayetabasamu kwenye picha, basi.

Kwa hiyo ukienda kuwahoji wazee, usiwaulize "Bibi alikuwa mtu wa namna gani?" Watakusomea wasifu. Waulize mara ya mwisho aliyowakasirisha. Waulize alivaa nini siku hiyo, nani alikuwepo, alisema nini hasa. Shangazi yetu mkubwa nilimuuliza hivyo kwa simu juzi, akaanza kwa kufoka na akamaliza saa nzima baadaye hataki kukata. Mrekodi, usitegemee kuandika haraka.

Na zile picha ulizochukua, tafadhali andika majina nyuma sasa hivi, angali yupo anayewajua wale waliosimama pembeni. Tumia penseli laini, usikandamize, maana wino huweza kupenya ukatokea mbele. Ile ya harusi, aliyeshika mwavuli si dada yake Bibi kama ulivyoandika. Ni jirani.

Mimi nina sauti yake moja. Ujumbe wa WhatsApp, sekunde 47. Hajui kama unarekodi. Anasema, "Imeanza? Mbona hailii?" Mtu anamjibu kwa mbali kwamba hailii, aongee tu. Anakaa kimya, unasikia anapumua, kisha anasema kwa sauti ya mtangazaji, "Mjukuu wangu, hapa hatujambo, ila tunahitaji pesa," halafu ile filimbi ya puani inaanza na ujumbe unakatika kabla kicheko hakijalipuka. Nilibadilisha simu mwaka jana nikaukosa siku mbili nzima. Siku hizo mbili sitaki kuzisimulia. Sasa nimeuweka kwenye kompyuta na kwenye diski ya pembeni, na wewe ninakutumia uwe wa tatu. Wasikilizishe watoto kabla hujawasomea chochote.

Maneno machache bado unayataka? Andika: alikuwa mwizi wa karata. Wakikuuliza maana yake, wasomee haya mengine.

Ila kuna jambo moja nataka unijibu kwanza, na unijibu kweli. Ile likizo aliyonishinda mara tisa mfululizo, mimi nilikaa nimelipa kabati mgongo, kwa hiyo nilijilaumu kwa ajili ya kile kioo cha mlango wa kabati, nikidhani kinamwonyesha karata zangu. Nikasogeza kiti. Akanishinda tena. Jana usiku, nikiwa nimezishika zile ree mbili mkononi, ndipo nikakumbuka kwamba kila siku ya likizo ile kulikuwa na mtu amekaa kitandani nyuma yangu, anasuka nywele za mwanasesere, ametulia kuliko kawaida yake. Na Bibi alikuwa akimwita "mke mwenzangu".

Alikuwa anakulipa nini?

Kaka yako